Shangazi Verlene na Ishara za Ketterby

Katika mji wa Dellwood, jimbo la Indiana, kutopenda mpira ni kama kutokuwa na dini: watu hawakupigi, lakini wanakuombea. Na mpira wenyewe si ule wa miguu. Ni ule wa yai, wa kofia ngumu na mabega ya kubandika, ambao vijana wa chuo wanaucheza kila Jumamosi majani yanapoanza kupukutika, mbele ya umati mkubwa kuliko mji. Timu ya Chuo Kikuu cha Dellwood inaitwa Kunguru na rangi yake ni kijani. Zulia la kanisa la Walutheri ni la kijani. Baa zote zina taa za kijani. Mwenye duka la majeneza ameweka jeneza la kijani dirishani, na kila akiliuza inabidi aagize lingine.

Verlene Stuckey alizaliwa hapo, akaolewa hapo bila kubadili jina, akamzika mumewe hapo, na miaka yote hiyo hakuwahi kuelewa ni nani anamkimbiza nani na kwa kosa gani. Alichopenda yeye ni bendi. Wakati wa mapumziko, tarumbeta zikilia na ngoma zikijibu, ndipo macho yanapomfunguka. Bendi ikishatoka uwanjani, anajifunika blanketi miguuni na kurudia kufuma soksi.

Sasa alikuwa amevuka miaka sitini na kustaafu kazi ya kuendesha basi la shule, na maisha yalikuwa yamemtulia kupita kiasi. Baada ya kuzoea kelele za watoto nyuma ya kisogo chake asubuhi na jioni, nyumba yake ilimtisha kwa ukimya. Aliwahi kujikuta akiliambia jokofu likae chini na lifunge mkanda.

Basi Jumapili moja ya Septemba akaja Corwin, mtoto wa kaka yake. Corwin alifiwa na mama yake akiwa bado anang'oka meno ya utotoni, na mezani kwa Verlene ndipo alipolia, akala, akakua. Sasa alikuwa msaidizi katika timu ya Kunguru, chini ya kocha mkuu Thurlow Maddigan, mtu mwenye shingo nene kuliko kichwa, ambaye akikohoa mji mzima unauliza kama anaendelea vizuri. Corwin alikata kipande cha pili cha pai kabla hajamaliza cha kwanza. Shangazi yake akajua kuna jambo.

"Shangazi, unapenda kusafiri?"

"Kwenda wapi?"

"Popote. Ohio. Kentucky. Illinois. Ukaangalie mechi."

"Mwanangu, mechi ya hapa mtaani inanipa usingizi. Nikasinzie Ohio kwa faida ya nani?"

"Bendi zao ni kali."

Verlene akaweka uma chini. "Kali kiasi gani?"

Corwin akamweleza kazi yenyewe. Tiketi atampa yeye. Akae upande unaotazamana na benchi la timu fulani, na arekodi kwa simu. Pale mstarini, pembeni mwa uwanja, atawaona watu waliovaa fulana za rangi ya chungwa, wanapunga mikono, wanagusa pua, wanainua mabango yenye picha za ajabu ajabu. Hizo ndizo ishara. Kocha anawaambia wachezaji wake mchezo unaofuata bila wapinzani kusikia. Arekodi ishara, kisha ageuze simu arekodi kilichotokea uwanjani.

"Ni za nini?"

"Masomo tu, shangazi. Utafiti."

"Na hao watu wanajua?"

Corwin akaitazama pai kama ndiyo iliyouliza. "Siku hizi kila mtu anarekodi mpirani. Ila vaa rangi zao, usije ukaonekana mgeni."

Verlene alikuwa amewasikia watoto wengi sana wakimdanganya kuhusu nani kamwaga maziwa ndani ya basi. Angetaka kuujua uongo huu angeujua. Hakutaka. Alikuwa tayari anawaza avae nini.

Safari ya kwanza alikwenda Ohio na sweta jekundu. Akakuta watu wamejipaka rangi nyekundu hadi kwenye vipara, wanachoma soseji nyuma ya magari, wanamwita mama na kumlazimisha kula. Hakuna aliyemjua. Hakuna aliyemwuliza habari za marehemu kwa ile sauti ya chini ya kanisani. Bendi ilipoingia ikiwa na tuba, zile tarumbeta nene za kubebwa begani, kama msitu wa shaba, Verlene alisimama juu ya benchi. Alirudi nyumbani hana sauti, ana kidole cha sponji cha kushangilia kirefu kama paja, na kwenye maegesho ya kituo cha mafuta alicheka peke yake mpaka mhudumu akatoka kumwangalia.

Tangu hapo karibu kila Jumamosi alikuwa barabarani. Wiki hii wa bluu, wiki ijayo wa zambarau. Alijifunza nyimbo za vyuo ambavyo hakuwahi kuvisikia, akaziimba kwa uchungu wa mtu aliyezaliwa nazo. Huko Illinois alimkumbatia mzee mmoja asiyemjua na wakalia pamoja timu ilipofungwa, ingawa Verlene alidhani wamefunga wao.

Corwin alikuwa anapokea video na kulalamika. "Shangazi, hapa umerekodi tuba tu mwanzo mpaka mwisho."

"Yule kijana alikuwa anakata kiuno na mzigo wote ule begani. Nimpite hivi hivi?"

"Na hapa ishara zinapigwa, nasikia unasema, 'Hebu nionjeshe na hiyo haradali.'"

"Ilikuwa haradali nzuri."

Lakini kati ya tuba na haradali, ishara zilikuwamo, na Corwin alikuwa na kichwa chepesi. Aliziunganisha na michezo iliyofuata, akajua: akigusa pua wanarusha, bango la ngazi maana yake wanapita katikati. Wapinzani hao wakija kucheza na Dellwood, Corwin anasimama ubavuni mwa kocha, anaangalia ng'ambo, ananong'ona, na Kunguru wanakuwa wameshafika mahali mpira unapokwenda kabla mpira haujaondoka. Wakashinda, wakashinda tena. Mji ukapagawa. Mchungaji aliombea goti la mchezaji mmoja kabla hajawaombea wagonjwa. Verlene aliimba na wenzake bila kuunganisha hili na lile, au tuseme aliziacha ncha mbili za uzi zikae mbalimbali kwa makusudi.

Katikati ya Oktoba Corwin akamletea tiketi ya Ketterby.

Ketterby ni jirani, na ni adui. Timu yao inaitwa Nyuki, rangi yao ni njano na nyeusi, na mechi ya Kunguru na Nyuki ndiyo inayofunga msimu kila mwaka. Dellwood mtu hanunui hata ndizi mbivu wiki hiyo. Verlene alipoingia duka la pale Ketterby na kutoka amevaa kofia ya sufu ya njano yenye vipembe viwili vya nyuki vinavyochezacheza juu ya springi, alihisi kama ametenda dhambi ambayo haijaandikwa. Aliipenda mno.

Akakaa mahali pake, akainua simu. Nyuki walikuwa wanacheza na timu ya mbali. Ng'ambo kule, msichana mwenye nywele za kusuka alikuwa anapunga mikono kama anayefukuza kuku, huku mwenzake akiinua bango lenye picha ya bata. Verlene akarekodi bata. Likaja birika la chai. Akarekodi birika.

"Samahani, mama," sauti ikasema pembeni yake. "Mpira uko kule."

Alikuwa mwanamume mrefu mwenye masharubu meupe na jaketi lililochakaa kwa heshima.

"Najua," Verlene akasema.

"Basi mbona kamera inatazama huku?"

"Napenda wanavyopunga mikono."

"Aa." Yule bwana akafikiri kidogo. "Yule mwenye nywele za kusuka ni mjukuu wangu. Tamsin."

Verlene akaishusha simu kama imemchoma. "Anapunga vizuri."

"Mkono wa kushoto bado mzito. Mimi naitwa Orrin Haddix. Nimefundisha bendi ya shule ya sekondari maisha yangu yote, sasa nimestaafu, nasikiliza wengine wakikosea. Wewe unatoka wapi?"

"Hapa hapa karibu."

"Karibu na wapi?"

"Karibu na barabara kuu."

Orrin akatikisa kichwa taratibu, akameza kicheko. Wakati wa mapumziko bendi iliingia, na wote wawili wakasimama bila kuambiana. Orrin alimnong'oneza nani amechelewa na nani anadanganya kupuliza. Verlene akamwonyesha mpiga tuba wa pili kwamba ndiye mwenye roho, na Orrin akamgeukia kumtazama upya, kama mtu aliyeokota kitu njiani na kukuta ni cha thamani. Akaenda akarudi na mikate miwili yenye nyama ya nguruwe iliyogongwa ikawa pana hadi ikaning'inia nje ya mkate pande zote kama masikio ya mbwa.

"Sasa niambie ukweli," akasema, mdomo ukiwa na haradali. "Kofia ni ya nyuki. Soksi ni za kijani."

Verlene akatazama miguu yake. Soksi alizifuma mwenyewe. Hakuwa na nyingine.

Akamweleza yote. Hakuona sababu ya kumficha mtu aliyemnunulia chakula. Orrin alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukaacha kucheka.

"Mama Verlene, kuisoma ishara ya mwenzako siku mnayocheza naye, kwa macho yako, hiyo ni akili, hakuna anayekataza. Ila kumtuma mtu aende kwenye mechi zake kabla, arekodi, hiyo sheria imekataza wazi. Ni wizi. Timu zinafutiwa ushindi kwa jambo hili. Watu wanapoteza kazi."

Aibu ikampanda Verlene kutoka kwenye soksi hadi kwenye vipembe. Aliwakumbuka watu wa Ohio na soseji zao, na yule mzee wa Illinois aliyelia begani kwake. Wote hao alikuwa amewaibia huku anatafuna chakula chao. Na nyuma ya aibu, Mungu amsamehe, kikaja kicheko, maana alijiona: ajuza mwenye pembe, jasusi wa kimataifa wa Dellwood. Alijaribu kukizuia, kikatokea puani. Orrin naye akashindwa. Watu wa mstari wa mbele wakageuka.

"Nitazifuta," akasema alipopata pumzi.

"Usizifute. Mpelekee. Mimi nitamwambia Tamsin, Tamsin atamwambia kocha wake, na siku ya mechi bata hatakuwa bata tena."

"Yule ni mwanangu, Orrin. Nimemlea."

"Basi mwonye kwanza. Akikusikia, hakuna anayeumia. Asiposikia, mwenyewe unajua."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Verlene alikuwa amewaambia watoto wa basi maneno hayo zaidi ya alivyowahi kuwaambia habari za asubuhi.

Corwin alikuja Jumapili kama kawaida. Verlene hakumkatia pai.

"Ulinituma kuiba."

"Nani kakwambia?"

"Si swali hilo. Kocha wako anajua?"

Corwin akakwaruza meza kwa ukucha. "Kocha anapenda kushinda. Hapendi kuuliza."

"Nimestaafu mara ya pili, basi. Siendi tena kokote. Na zile video za Ketterby nilizokuletea usizitumie, nakuambia waziwazi. Nimemwambia mtu wa Ketterby kila kitu. Wanajua."

Corwin akainua macho. Kwa dakika ile alionekana mtoto tena, aliyevunja kitu na hajaamua kama aseme. Halafu akatabasamu.

"Shangazi, wewe huwezi kumficha mtu hata zawadi ya Krismasi. Ungekuwa umewaambia, ningeona usoni."

"Haya, tazama uso wangu."

Akautazama kwa makini, kulia na kushoto. "Unanitania," akasema, akajikatia pai mwenyewe.

Wiki zilizofuata Verlene aliziishi kama binti wa shule. Orrin alimpigia simu kila alasiri. Mara nyingine hawakuzungumza sana. Orrin aliiweka simu mezani, akachukua tromboni, akampigia wimbo, na Verlene akaandaa chakula cha jioni akiusikiliza. Alichoma mkate ukaungua kwa ajili ya wimbo mmoja wa taratibu, na akaula hivyo hivyo. Lakini akilala alimwona Corwin, na moyo ukawa mzito upande mmoja, kama ule mkono wa Tamsin. Alimwonya tena. Akamwonya kwa simu. Corwin akawa anajibu, "Ndiyo, bibi jasusi," na kukata.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba ikafika, baridi kali, jua jeupe, uwanja wa Dellwood umefurika kijani hadi ngazini. Verlene alikaa mahali pake pa miaka yote, blanketi miguuni, na hakugusa ufumaji. Ng'ambo, katika kipande kidogo cha njano, aliyaona masharubu. Akainua mkono kidogo. Masharubu yakainua kofia.

Nyuki wakapata mpira. Tamsin akatoka mstarini na fulana yake ya chungwa, akapunga. Likainuka bango la bata.

Verlene alimwona Corwin akimshika kocha mkono. Alimwona Maddigan akitanua kifua. Kisha benchi zima la Kunguru, makocha, wachezaji wa akiba, hadi mtu wa maji, wakanyoosha mikono na kupaza sauti kwa pamoja: "Kulia, kulia." Safu nzima ya ulinzi ikahamia kulia kama abiria basi linapokata kona. Mpira ukaenda kushoto. Kijana wa Ketterby akaupokea, akatazama huku na huku, hakuona mtu, akakimbia mpaka mwisho bila haraka, kama aliyetumwa sukari dukani.

Verlene akaziba mdomo kwa blanketi.

Ikaja zamu nyingine. Birika la chai. "Rudini nyuma," benchi likapiga kelele, wakarudi nyuma wote kungojea mpira mrefu, na kijana mnene wa Nyuki akapita katikati palipobaki wazi, akiwa ameukumbatia mpira kama mtoto mchanga. Bata tena, kulia tena, kushoto tena. Corwin alikuwa anageuza karatasi yake ya ishara juu chini. Maddigan alikuwa ameiva kama nyanya. Kufikia mapumziko bendi ya Ketterby ilikuwa imeng'amua furaha ya siku, na tarumbeta zao zikawa zinalia kwa sauti ya bata. Upande wa njano ukaitikia kwa kwaa, kwaa. Na kisha, jambo ambalo mji haukusahau, baadhi ya watu wa kijani nao wakaanza kutikisika mabega. Mwenye duka la majeneza alikuwa wa kwanza.

Verlene alicheka mpaka machozi yakamganda shavuni. Alikuwa bado anayafuta alipomwona Corwin amegeukia jukwaa. Alikuwa anamtafuta, mstari kwa mstari, mpaka akampata. Safari hii uso wa shangazi yake aliusoma wote.

Kicheko kikamwishia Verlene. Hakujua afanye nini, akainua mkono, kama alivyokuwa akimwinulia Corwin akishuka basini. Corwin akavua vifaa vyake vya masikioni vya kuongelea na makocha wenzake. Akamwendea kocha, akasema neno, na Maddigan akamsukuma kifuani kwa kiganja. Walichoambiana Verlene alikisikia baadaye sana kutoka kwa Corwin mwenyewe.

"Kocha, wanajua. Tuziache ishara, tucheze tu."

"Umesema bata ni kulia."

"Nilisema. Si kulia tena."

"Bata ni kulia," Maddigan akasema. Na kwa kipindi chote cha pili bata akawa kulia, na Kunguru wakapigwa kipigo ambacho wazee walikwenda kutafuta kwenye magazeti ya zamani kama kiliwahi kutokea.

Picha za benchi zima likinyoosha mikono pamoja upande usio wa mpira zilizunguka televisheni zote kabla watu hawajafika kwenye magari yao. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya pili mtu mmoja studioni akauliza: lakini hawa walijuaje, au walidhani wanajuaje? Likaanzia hapo. Chama cha michezo ya vyuo kikatafuta, kikakuta tiketi za viwanja vya majimbo manne zimenunuliwa kwa jina la Corwin Stuckey. Na katika viti hivyo, kila kamera iliyopita ilimwonyesha mama mmoja mwenye furaha kuliko wote waliomzunguka.

Wachunguzi wawili walikuja nyumbani kwake, mwanamume na mwanamke, suti nyeusi, viatu vimejaa theluji. Verlene aliwapa kahawa akawaambia kila kitu kabla hawajatoa kalamu. Wakaomba kuona video. Wakakaa wote watatu kwenye kochi. Sauti ya Verlene ikasikika ikiimba wimbo wa Kentucky nje kabisa ya tuni. Ikasikika ikimwuliza mtu kama hiyo soseji inaliwa au inapambwa. Mwanamume alitazama dari. Mwanamke alijiuma mdomo kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya kikazi, "Hapo kwenye tuba, tafadhali rudisha nyuma."

"Unataka kuthibitisha tarehe?" mwenzake akauliza.

"Nataka kuona kiuno."

Hukumu haikuchekesha. Ushindi wote wa msimu ulifutwa. Maddigan aliwaambia waandishi wa habari kwamba hakujua lolote, kwamba alisalitiwa na kijana mmoja mwenye tamaa na jamaa zake. Corwin akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Kule kanisani wanakwaya wawili wakahamia benchi jingine ili wasikae naye. Kila asubuhi Verlene alikuta bata wa plastiki barazani, wa kuogea watoto, na hakujua yupi ni wa matusi na yupi ni wa pongezi. Akawapanga wote kwenye ukingo wa dirisha. Vijana wa chuo walianza kuvaa fulana zenye maandishi Shangazi Jasusi, na muuza maua, mtu wa kijani tangu tumboni, alimkataa mlangoni akasema, "Umetuua, Verlene." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Lakini sijacheka vile tangu harusi yangu."

Hayo yote aliyabeba. Lililomkata ni Corwin, ambaye hakupokea simu.

Akaja Januari, siku ya theluji nyingi, akasimama mlangoni na kofia mkononi kama mtu wa bima.

"Uliniambia," akasema.

"Nilikuambia."

"Uliniambia na uso wako ukaniambia, nikaona nakujua kuliko unavyojijua."

"Ingia, baridi inaingia na wewe uko nje."

Hakuingia. "Mbona ulienda kuwaambia? Mimi ni wako."

Verlene alikuwa amelijibu swali hilo kitandani kila namna. Sasa yote yakampotea. "Kwa sababu walinipa chakula, Corwin. Kila nilipokwenda walinipa chakula. Na wewe ni wangu, ndiyo maana nilikuambia wewe kabla ya mpira kuchezwa. Kocha wako alikuambia nini?"

Corwin akatazama theluji. "Aliniambia bata ni kulia."

Verlene alijitahidi asicheke. Aliuma shavu kwa ndani, akafikiria mazishi. Alipomtazama akakuta naye kidevu kinamtetema, na hakujua kama ni kilio, mpaka kikatoka, kicheko kile kile cha utotoni cha kukatikakatika, akainama ameshika magoti hapo barazani. Wakacheka wote wawili, Verlene amemshika kola asianguke, hadi jirani akafungua dirisha kuuliza kama kuna msiba.

Juma lililofuata Corwin alikwenda mbele ya kamati, akasema ukweli wote, pamoja na nani alijua na tangu lini. Ulimgharimu: walimfungia ukocha kwa miaka mingi. Maddigan ulimgharimu zaidi. Alijiuzulu kabla hajaambiwa ajiuzulu, akahamia Florida, na inasemekana anauza mashua na bado anabisha. Corwin alipata kazi ya kufundisha hisabati kwenye shule ndogo kaskazini mwa jimbo, na barua yake ya kwanza ilisema wanafunzi hawamsikilizi hata kidogo na anawapenda sana.

Mwezi Mei, Verlene na Orrin walifunga ndoa kwa hakimu. Tamsin alisimama upande wa babu yake, Corwin upande wa shangazi yake, na hao wawili walikuwa wameshabishana garini kuanzia barabara kuu hadi mahakamani kuhusu nini hasa kilimaanishwa na birika, na Tamsin akakataa kata kata kumwambia. Hakimu alikuwa shabiki wa Kunguru. Tai yake ilikuwa ya kijani. Alifungua kitabu, akamtazama bibi harusi juu ya miwani, akasema, "Verlene Stuckey. Nakufahamu."

Verlene akahisi kicheko kinakuja. Akambana Orrin mkono. Orrin alikuwa tayari anatetemeka masharubu. Hakimu akasoma sentensi ya kwanza, akangoja, akaisoma tena, akangoja tena. Mwishoni akafunga kitabu juu ya kidole chake, akaegemea kiti, akawaambia wasiwe na haraka, leo hana kesi nyingine.